Kazi Mpya ya Furaha kwa Mtu wa Miaka Hamsini

Watu wengi wa miaka 45 mpaka 60 wanaokuja kwetu hospitali wanasema maneno yaliyo karibu kufanana. Kichwa kinauma. Usingizi ni kidogo. Mwili hauna nguvu kama zamani. Tunawapima. Wengine tunawakuta na ugonjwa wa tansio, maana yake damu inasukumwa kwa nguvu kupita kiasi ndani ya mishipa. Wengine wana ugonjwa wa sukari. Hao tunawapa dawa. Lakini wako wengine ambao hatuoni ndani yao ugonjwa wo wote, na bado wanasema, “Munganga, mimi si mzima.”

Tukiuliza habari za nyumbani tunaanza kufahamu. Watoto wameoa na kuolewa. Nyumba iliyojaa kelele sasa ina watu wawili, au mmoja. Kazi ya mshahara imekwisha au inachosha. Mtu anarudi saa kumi, anaketi kwenye barza, anatazama njia. Kesho yake ni vile vile. Jirani anamwita kunywa kasiksi, naye anakwenda, si kwa sababu ana kiu, ila kwa sababu hana jambo lingine la kufanya mpaka usiku. Pombe inaongeza tansio, inaharibu usingizi, inakula fedha. Basi mtu anarudi kwetu tena na kichwa chake.

Kwa watu wa namna hii tunataka kusema juu ya jambo moja ambalo halimo katika chupa za dawa.

KAZI YA FURAHA NI NINI?

Tunaita kazi ya furaha kazi ile ambayo mtu anaifanya saa za kupumzika kwa sababu anaipenda, si kwa sababu ya mshahara wala kwa sababu njaa inamsukuma. Mama akilima mihogo ili watoto wale, hiyo si kazi ya furaha, hata kama anaimba akilima. Watoto wakicheza, hakuna anayewauliza, “Faida yake nini?” Lakini mtu mzima akianza jambo lisilo la lazima, watu wanacheka: “Mzee amerudi utoto.” Kicheko hicho kinazuia wengi, zaidi wanaume.

Tena si kila jambo la kupumzika linasaidia sawasawa. Katika mji wa Dallas, huko Marekani, walimu wa chuo kikuu walijaribu jambo hili, na habari zake zilitolewa mwaka 2014. Walikusanya watu zaidi ya 200 wenye miaka 60 mpaka 90. Wengine walijifunza kushona mablanketi ya vipande vya nguo. Wengine walijifunza kupiga picha. Wengine walikutana tu kuzungumza na kutembea pamoja, bila kujifunza kazi mpya. Baada ya miezi 3, wale waliojifunza jambo jipya na gumu walionekana kukumbuka mambo vizuri kuliko wale waliozungumza tu. Hatusemi kwamba kazi mpya inaponya magonjwa ya uzee. Tunasema akili ya mtu mzima bado inaweza kujifunza, na inapenda kupewa kitu cha kujifunza.

Kwa hiyo ukichagua, chagua jambo ambalo hulijui. Kama umeshona nguo maisha yako yote, kushona si kupumzika kwako. Wengine wanajifunza gitaa, wengine kupanda mboga ambazo hawajazipanda bado, wengine kusoma Kifaransa. Yote ni mema. Mimi nitaeleza juu ya nyuki, kwa sababu nimeona kwa macho yangu namna kazi hiyo ilivyoingia katika nyumba ya jirani yangu.

MWASHI NA NYUKI

Jirani huyu ni mwashi. Alikuwa na miaka 51 wakati alipokuja hospitali, tansio yake 170 juu na 100 chini. (Mtu mzima akipimwa zaidi ya mara moja na kukutwa na 140 juu, au 90 chini, au kupita hapo, tunasema ana tansio.) Alipewa vidonge, akaambiwa apunguze chumvi na aache pombe. Vidonge alimeza. Chumvi alipunguza. Juu ya pombe alisema, “Nikiacha, nitafanya nini jioni?” Lilikuwa swali la kweli, na mimi sikuwa na jibu.

Baba yake alikuwa mtu wa nyuki, kama wazee wengi wa milima yetu. Alichonga mizinga ya magogo na kuitundika juu sana katika miti. Usiku alipanda na mwenge wa moto, akachukua asali, na mara nyingi nyuki wengi walikufa katika moto huo. Yule mwashi, alipokuwa mtoto, alishika kamba chini ya mti. Hakupanda hata mara moja. Na sasa, kwa miaka yake na mgongo wake, kupanda lilikuwa jambo la hatari. Sisi wa hospitali tunawajua watu walioanguka kutoka miti ya asali. Wengine hawakutembea tena.

Lakini kuna mzinga mwingine usiotaka kupanda. Walimu wa Kenya na Kanada waliutengeneza miaka ya 1970, na sasa unajulikana katika inchi nyingi za Afrika. Ni sanduku refu la mbao. Juu ni pana, chini ni jembamba, kama mtumbwi. Linawekwa juu ya nguzo, au linatundikwa kwa waya kati ya nguzo mbili, mpaka kufika kiuno cha mtu. Unasimama tu, unafungua. Kwa hiyo hata mama anaweza, hata mtu mwenye magoti mabaya.

Juu ya sanduku hilo kunapangwa vijiti vya mbao, kimoja karibu na kingine bila nafasi kati yao, na bati au nyasi juu ya vyote kuzuia mvua. Nyuki wanajenga sega moja chini ya kila kijiti. Ukitaka kuona habari zao, unainua kijiti kimoja pamoja na sega lake, unatazama, unarudisha. Siri ya mzinga huu ni upana wa vijiti: milimita 32. Ndiyo nafasi ambayo nyuki wa Afrika wanaacha wenyewe kutoka sega mpaka sega. Vijiti vikiwa vipana mno, nyuki wanajenga sega moja likishika vijiti viwili, na hutaweza kuinua kimoja bila kuvunja kingine.

Yule mwashi hakulijua jambo hili. Alikata vijiti vyake vya milimita 40, vizuri sana, vimenyoka kama mstari. Mtu mmoja aliyefuga nyuki zamani akaja kuvitazama, akacheka, akamwambia atupe vyote motoni. Mwashi alikasirika siku mbili. Kwa miaka 30 alikuwa amefundisha vijana kupima ukuta, na sasa aliambiwa kwamba hajui kupima kijiti! Siku ya tatu alirudi kwa yule mtu kuomba kipimo. Mimi nafikiri dawa yake ilianza siku hiyo.

KUNGOJA

Kwetu mtu hanunui nyuki sokoni. Unapaka vijiti nta ya nyuki kwa ndani, unaweka mzinga mahali pa kivuli, karibu na maji, mbali na nyumba, mbali na njia na mahali pa kufunga mbuzi. Mita 300 si nyingi mno, kwa sababu nyuki wetu ni wakali. Miguu ya mzinga inasimama ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya motokari, siafu wasipande. Kisha unangoja kundi lije lenyewe.

Yule mwashi alingoja miezi minne. Kila jioni alitembea mpaka kilimani kutazama, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Tulikuwa tumemwambia mara nyingi kwamba kutembea ni kuzuri kwa tansio, wala hakutusikia. Sasa alitembea kila siku, wala hakufikiri kwamba anatii munganga. Alianza kutazama miti inayotoa maua: mikahawa, mikaratusi, miparachichi. Aliuliza majirani ni mwezi gani maharagwe yao yanatoa maua. Watu ambao hakuwa amezungumza nao tangu mwaka jana, sasa alisimama katika mashamba yao.

Kundi lilikuja wakati wa maua ya kahawa. Alikuja hospitali kutuambia, ingawa haikuwa siku yake ya vidonge.

MAMBO YA KUONA NDANI YA MZINGA

Hapa ndipo furaha ya kazi hii ilipo, kupita asali yenyewe.

Malkia ni mmoja tu. Wakati wa maua mengi anaweza kutaga mayai zaidi ya 1000 katika siku moja. Yai linawekwa chini ya kitundu cha sega. Siku ya kwanza limesimama wima, siku ya pili limeinama, siku ya tatu limelala. Kwa hiyo ukiona yai limesimama, unajua kwamba malkia alikuwa hapo jana au leo, hata kama hukumwona. Malkia mpya anatoka baada ya siku 16 tangu kutagwa kwa yai, nyuki mfanyakazi baada ya siku 21, nyuki dume baada ya siku 24.

Lakini yai lina urefu wa milimita 1 na nusu tu. Mwashi alitazama, akasema mzinga wake hauna mayai, malkia amekufa. Mtoto wa dada yake, kijana wa miaka 14, alisimama nyuma akasema, “Mjomba, yako mengi!” Hivi ndivyo alivyofahamu kwamba macho yake hayaoni tena vitu vya karibu. Hili si ugonjwa. Baada ya miaka 40 macho ya karibu kila mtu yanakuwa hivyo, na miwani ya kusomea inatosha. Kumbe kwa miaka mitatu alikuwa ameacha kusoma, akidhani akili yake imechoka. Ndugu, kama umeacha kusoma, njoo tupime macho yako kwanza, kabla ya kuilaumu akili.

Jambo lingine. Nyuki akipata maua mengi, anarudi na kuwaambia wenzake, na njia yake ya kusema ni kucheza. Anatembea mstari mfupi juu ya sega akitikisa tumbo, anazunguka, anarudia. Ndani ya mzinga ni giza, na sega linasimama wima. Akitembea kuelekea juu kabisa, maana yake: maua yako upande wa jua. Akipinda kuume kidogo, maua yako kuume kwa jua, kwa kipimo kile kile. Mstari mrefu maana yake ni mbali. Aliyefahamu maneno haya ni Karl von Frisch, mtu wa Austria, ambaye alipewa zawadi ya Nobel mwaka 1973 kwa ajili ya kazi kama hiyo. Yeye alikuwa mwalimu mkubwa. Lakini hata mtu asiye na cheti, akiinua sega pole pole jioni, anaweza kuona mchezo huo kwa macho yake.

HATARI: SOMA SEHEMU HII MARA MBILI

Nyuki wanaweza kuua mtu. Hatutaki kumtia mtu katika kazi ya furaha na kumpokea kesho juu ya machela.

Usiende peke yako. Nenda jioni, jua likikaribia kuzama, ili nyuki wakikasirika, usiku uwatulize. Vaa nguo nyeupe au za rangi isiyo nyeusi, wavu juu ya kofia, mikono imefunikwa, suruali imefungwa ndani ya buti. Tumia moshi wa kinyesi kikavu cha ng’ombe au majani makavu, moshi baridi, si moto. Moshi unafanya nyuki kujaza matumbo asali na kutulia. Pia unafunika harufu ambayo nyuki anaitoa akichoma, harufu inayowaita wengine kuchoma mahali pale pale. Harufu hiyo inafanana na harufu ya ndizi mbivu. Kwa hiyo usile ndizi kabla ya kufungua mzinga! Watu wa kwetu wanacheka wakisikia hivi, lakini ni kweli.

Ukichomwa, ondoa mwiba upesi, kwa kuukwaruza kwa ukucha au kwa njia yo yote, kwa sababu unaendelea kusukuma sumu hata nyuki akiwa amekwenda. Osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Kuvimba na kuwasha mahali palipochomwa ni kawaida.

Haya si kawaida: midomo, ulimi au uso kuvimba, vipele mwili mzima, kupumua kwa shida, kutapika, kizunguzungu, kuanguka. Mtu akiona dalili kama hizi, hata kama amechomwa na nyuki mmoja tu, alazwe chini na kuletwa hospitali saa ile ile. Akipumua kwa shida, mwacheni aketi. Atapigwa sindano ya adrenalini katika paja. Msimpe dawa za nyumbani kwanza. Tena mtu aliyechomwa na nyuki wengi, makumi kwa makumi, aletwe hata kama anasema hana neno, kwa maana sumu nyingi inaweza kuharibu mafigo siku zinazofuata.

Kama umewahi kuvimba mwili mzima kwa sababu ya nyuki au nyigu, hii si kazi yako. Chagua gitaa. Na kama unameza vidonge vya moyo au vya tansio kama atenolol au propranolol, tuambie kabla ya kuanza, kwa sababu mtu mwenye vidonge hivyo akipatwa na hatari ile, adrenalini haimsaidii vizuri kama wengine. Usiviache wewe mwenyewe. Munganga ataona kama kuna vidonge vingine vinavyofaa. Yule mwashi alibadilishiwa vyake.

ASALI

Kata masega yaliyofunikwa kwa nta tu. Asali isiyofunikwa bado ina maji, nayo itachachuka. Acha ukanda mwembamba wa sega juu ya kijiti ili nyuki wajenge tena, na usiguse masega yenye watoto, wala usichukue yote, kwa maana mvua ndefu inakuja na nyuki watakula nini?

Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, hata ya kulambishwa. Ndani yake kunaweza kuwa vijidudu visivyomdhuru mtu mzima lakini vinavyolegeza mwili wa mtoto mchanga mpaka ashindwe kunyonya na kupumua. Na mwenye ugonjwa wa sukari ajue kwamba asali ni sukari.

Juu ya kuuza, neno moja. Usikope fedha kuanza mizinga kumi. Anza na mmoja au miwili. Kazi ya furaha ikizaliwa na deni, inakuwa mzigo mwingine, na usingizi unakimbia tena.

NYUKI WALIPOKWENDA

Mwaka wa kwanza mwashi alifungua mzinga mara nyingi mno, kwa furaha. Kisha mafuta yalikauka katika kopo moja, siafu wakaingia. Asubuhi moja mzinga ulikuwa kimya. Nyuki wetu wa Afrika wako hivi: wakisumbuliwa, wanaacha kila kitu na kwenda. Alikaa mbele ya sanduku tupu mpaka mchana. Mke wake aliogopa kwamba jioni ataenda kwa jirani wa kasiksi, naye alienda kweli, siku ile na siku tatu nyingine. Siku ya tano alisafisha sanduku, akapaka nta mpya, akamimina mafuta katika makopo yote manne.

Alingoja miezi miwili na nusu.

Sasa ana miaka 54 na mizinga mitatu. Tansio yake mwezi uliopita ilikuwa 138 juu na 86 chini, na bado anameza vidonge vyake kila siku, maana nyuki hawakuchukua mahali pa vidonge. Pombe hajaiacha kabisa, lakini jioni nyingi hana nafasi. Miwani yake anaiweka katika kopo la maziwa, imefungwa kwa kitambaa. Mama mmoja mjane wa mtaa wetu, ambaye binti yake wa mwisho aliolewa mwezi wa sita, amemwomba amfundishe. Jana nilipopita nilimwona kwenye barza, anamkatia vijiti, na mama huyo amesimama karibu naye na rula, anapima kila kimoja upya, kwa sababu ameisikia habari ya milimita 40.